Papo kwa papo si ubabaishaji

Kama u mzima shukuru, maana mjini hapa kuamka mzima na nauli mfukoni ni mtaji tosha. Wiki hii tuongee habari za kazini. Na wewe ambaye bado unasaka kazi usifunue ukurasa, hii inakuhusu kuliko hata yule mwenye kiti cha kuzunguka.

Hebu vuta picha. Uko kwenye mkataba wa majaribio, miezi mitatu. Leo kuna kikao. Wewe umekaa pembeni na daftari lako, unaandika andika ili uonekane uko bize. Bosi anaongea weee, mara anageuka: "Haya, kijana mpya, wewe unaonaje?" Loh! Macho yote kwako. Hukutegemea. Mate yamekauka, na hilo feni la juu unaliona linakucheka.

Hapo vijana wengi tunagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni barafu. Anaganda, anatabasamu kidogo, anasema "Mimi sina la kuongeza bosi," basi. Akitoka nje ndipo majibu yanamjia kama mvua ya masika. Kundi la pili ni wazugaji. Huyu hajui kitu lakini anafungua mdomo: "Kimsingi bosi, suala hili ni suala ambalo kama nilivyokwisha kusema..." wakati tangu asubuhi hajasema lolote zaidi ya "shikamoo". Anaongea dakika tano, akimaliza hata yeye mwenyewe ukimwuliza kasema nini hakumbuki.

Mimi nasema wote wawili wamechemsha. Barafu atasahauliwa siku mikataba inapoongezwa, na mzugaji atakumbukwa, ila kwa ubaya. Lakini lipo kundi la tatu, na walimu wake ni wachekeshaji. Usicheke kwanza. Nisikilize.

Stori yenyewe inaanzia Chicago, Marekani. Kulikuwa na mama mmoja anaitwa Viola Spolin, aliyezaliwa mwaka 1906. Alipokuwa binti alifundishwa na mwalimu Neva Boyd pale Hull House, nyumba ya huduma za jamii iliyokuwa ikisaidia familia za wahamiaji. Huyo Boyd alikuwa akitumia michezo ya kawaida kabisa, ile ya kucheza, kufundishia watu kuishi pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Spolin naye akapata kazi ya kufundisha maigizo katika mradi wa serikali. Wanafunzi wake wakawa ndio hao hao wa vitongoji vya wahamiaji, huyu kwao wanaongea hivi, yule kwao wanaongea vile. Sasa ukimpa mtoto kama huyo karatasi akariri maneno ya lugha asiyoijua vizuri, si ataganda? Mama wa watu akaacha karatasi, akatunga michezo. Mtoto anacheza, anasahau woga, na mwisho wa siku anaigiza bila kujua kwamba anaigiza. Michezo hiyo aliikusanya katika kitabu chake cha mwaka 1963, ambacho walimu wa maigizo wanakitumia mpaka leo.

Mtoto wake, Paul Sills, akaichukua ile michezo ya mama akaipeleka kwa watu wazima. Tarehe 16 Desemba 1959, yeye na wenzake Bernie Sahlins na Howard Alk wakafungua ukumbi mdogo wa vichekesho katika jengo lililokuwa dobi la Wachina. Wakauita The Second City, yaani Mji wa Pili. Na jina hilo lilikuwa tusi, bwana! Miaka michache nyuma, 1952, mwandishi mmoja wa New York, A. J. Liebling, aliandika makala za kuikejeli Chicago kwamba ni mji namba mbili tu, haufui dafu kwa New York. Wenzetu hawakununa. Wakalichukua lile tusi wakalitundika mlangoni, na watu wakapanga mstari kununua tiketi. Akina Bill Murray, Tina Fey na Steve Carell, wale unaowaona kwenye sinema, wote wamepitia hapo.

Shikilia hapo hapo kwenye hilo tusi, maana siri yote imo humo.

Onyesho lao linakwendaje? Mwigizaji anapanda jukwaani mikono mitupu, hana maneno aliyoandikiwa. Anawaomba watazamaji: "Nipeni mahali." Mmoja anaropoka, "Buchani!" "Nipeni tatizo." Mwingine, "Mke kapoteza ufunguo!" Papo hapo mchezo unaanza. Hakuna anayejua unaelekea wapi, si yeye, si mwenzie.

Watapataje kutoka salama? Kuna sheria ambayo mimi kwa Kiswahili chetu naiita "Ndiyo, halafu". Mwenzio akisema kitu, unakubali kwamba ndivyo ilivyo, halafu unaongeza chako kidogo. Tuseme mmoja anaingia anachechemea: "Daktari, nisaidie, mguu wangu umeota majani!" Ukimjibu, "Mimi si daktari, na mguu wako mzima," mchezo umekufa. Umemwua mwenzio mchana kweupe. Lakini ukimwambia, "Pole mzee. Dawa niliyokupa wiki jana ulikunywa au ulimwagilia?" hapo ukumbi umeshavunjika mbavu, na mwenzio kapata pa kushika.

Na usije ukadhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Miaka ile ya 1990, vikundi vya sanaa kama Muungano na TOT vilipokuwa vikijaza kumbi za Dar es Salaam, vichekesho vyao havikuwa na maneno ya kukariri. Walikubaliana kisa na nani anaingia lini, basi. Maneno yenyewe yalizaliwa jukwaani, mtazamaji anadakia huku, mwigizaji anajibu kule. Waulize wazazi wako. Hata ukitazama kazi za marehemu Mzee Small, aliyetutoka mwaka 2014, au za marehemu King Majuto, aliyetutoka 2018, angalia jambo moja: mwenzie anapoongea, yeye anamsikiliza na mwili mzima. Uso unajibu kabla ya mdomo. Unacheka hajasema kitu.

Sasa hapo ndipo wengi tunapopotea. Tunadhani mtu wa papo kwa papo ni mtu wa maneno mengi. Wapi! Mzugaji ndiye wa maneno mengi, kwa sababu anaogopa ukimya usije ukamwumbua. Mchekeshaji anayejua kazi yake ana masikio kwanza, mdomo baadaye. Mzugaji anaficha kilichotokea. Mchekeshaji anakikubali mbele ya watu, halafu anafanya nacho kazi. Hao ni watu wawili tofauti kabisa, ingawa kwa mbali unaweza kuwafananisha.

Tuje kazini ili tuelewane. Chukulia uko kaunta kwenye duka la kuchapisha kadi. Leo Alhamisi jioni, bosi katoka. Anaingia mama kashika bahasha, kifua juu, kitenge kimekaa upande. Kadi za harusi ya binti yake zimetoka, nzuri, zinang'aa, maua kila kona. Ila jina la bwana harusi ni la mtu mwingine! Harusi Jumamosi. Hapo kimbembe.

Barafu atafanya nini? Atasema, "Mama, bosi hayupo, njoo kesho." Mama ataanza kulia au kupiga kelele, na barabara nzima itajua.

Mzugaji je? "Aa mama, hiyo ni kompyuta tu, halafu watu hawasomi majina siku hizi, wanaangalia ukumbi uko wapi." Ndugu yangu, hapo ujue unapigwa bahasha ya uso.

Mchezaji wa "Ndiyo, halafu" anaanza na kilichopo. "Ni kweli mama, jina si lenyewe, naliona. Pole sana." Hajasema kosa la nani. Hajamsingizia fundi. Amekubali tu kwamba mguu umeota majani. Halafu ananyamaza, anamwacha mama aseme mpaka mwisho. Na mama akishasema mpaka mwisho, ndipo unasikia lile neno lililokuwa limejificha: "Mwanangu, wakwe wanaingia kesho asubuhi na basi. Nitawapa nini mikononi?"

Umeona? Tatizo si kadi mia tatu. Tatizo la usiku huu ni kadi za wakwe. Mzugaji asingelisikia hilo maana alikuwa anaongea yeye. Sasa kijana wetu anaongeza chake: "Wakwe wako wangapi mama? Thelathini? Basi nampigia bosi hapa hapa mbele yako, tuchape hizo thelathini usiku huu zikutangulie, na zilizobaki tuzimalize kesho." Bosi kwenye simu atakubali au atasema lake, lakini mama sasa ana mtu wa upande wake. Hasira imepungua nusu na wino haujaguswa.

Hakuna kichekesho hata kimoja hapo, lakini huo ndio ufundi wenyewe wa jukwaani.

Yuko mwalimu mwingine, Mwingereza, Keith Johnstone. Alifanya kazi Royal Court Theatre ya London, baadaye akahamia Canada, na mwaka 1977 akawa miongoni mwa walioanzisha Loose Moose Theatre mjini Calgary. Amefariki mwaka 2023. Yeye alifundisha mambo mawili ambayo mimi nayapenda sana.

La kwanza, usijitie ujanja. Waigizaji wachanga huhangaika kutafuta jibu la ajabu ili waonekane wana akili, wakati jibu lililo wazi mbele yako ndilo zuri. Ndiyo maana kule kwenye kikao bosi akikuuliza unaonaje, huhitaji hotuba. "Bosi, dada wa mauzo amesema wateja wanalalamikia muda wa kusubiri. Mimi nakaa pale mlangoni, nimeona wengi wanaondoka saa saba, wakati wa chakula. Labda tungeanzia hapo." Sentensi tatu. Umechukua neno la mwenzio, umeongeza unachokijua, umekaa. Na dada wa mauzo umempandisha, hatakusahau. Kama hujui kabisa, "Sijui bosi, ila nitamwuliza fundi na saa kumi nitakuletea jibu" nalo ni jibu. "Sijui" yenye "halafu" inazidi hotuba ya mzugaji mara kumi.

La pili, Johnstone alifundisha kwamba ukubwa na udogo ni kitu mtu anachokifanya, si kitu alichonacho tu. Kuna tarishi anayeingia ofisini kama mkurugenzi, na kuna meneja anayeongea kama anaomba mkopo. Inatokana na macho, mabega, sauti, na unavyotulia au kutapatapa. Mwigizaji anajua kupanda na kushuka kwa makusudi. Kwa yule mama wa kadi, ukijipandisha ni vita. Ukijishusha mno, unalia lia naye, anaona hapa hakuna wa kumsaidia. Shuka kidogo kwenye pole, panda kidogo kwenye "nampigia bosi sasa hivi". Ni kama gia za gari, huendeshi Kariakoo mpaka Mbezi kwa gia moja.

Unaweza kusema, ah, haya ni ya wauza duka. Si kweli. Kile kikundi cha The Second City kwa miaka mingi kimekuwa na kitengo cha kufundisha makampuni. Hapo hapo Chicago, wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Northwestern wamefundishwa michezo hii, na mwalimu wao Katie Watson alieleza somo hilo katika jarida la kitabibu mwaka 2011. Sababu ni rahisi: mgonjwa hajasoma kitabu cha daktari. Anakuja kulalamikia tumbo, akishika kitasa kutoka ndipo anasema, "Na tena daktari, kuna jambo lingine..." Kumbe ndilo lililomleta. Naye mwigizaji Alan Alda, mwaka 2009, alishirikiana na Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, kuanzisha kituo cha kuwafundisha wanasayansi kueleza kazi zao ili watu wa kawaida waelewe, na michezo ya papo kwa papo ni sehemu ya mafunzo. Profesa mzima anafundishwa kumtazama mtu usoni!

Sasa ngoja nitie breki, maana nawajua. Kuna mtu atasoma hapa aende kazini aseme "ndiyo" kwa kila kitu. La hasha! "Ndiyo" ya jukwaani ni kukubali kwamba jambo limetokea. Siyo kukubali kila unachoombwa. Dada, bosi akikuambia barua yako ya ajira iko tayari ila uifuate hotelini saa tatu usiku, hapo hakuna "halafu". Hapo ni hapana ya herufi kubwa, na umwambie mtu unayemwamini siku hiyo hiyo. Kaka, ukiambiwa utie sahihi kwamba hela iliyopotea uliihesabu wewe, wakati hukuihesabu, usitie. Hata jukwaani mwenzio akikushika pasipostahili, mchezo unasimama. Mtu asitumie utayari wako kukugeuza jamvi la wageni.

Breki ya pili: papo kwa papo haitibu ujinga. Muuguzi habuni kipimo cha dawa. Mhasibu habuni hesabu. Fundi umeme akianza kubuni nyaya, kesho tunapika pilau la msiba. Wale wachekeshaji unaodhani wanajiropokea tu hufanya mazoezi wiki hadi wiki, miaka. Kinachobuniwa ni namna ya kukipokea kisichotarajiwa, na kazi yenyewe unatakiwa uwe unaijua.

Basi wiki hii nakupa mazoezi matatu, bure, hayahitaji ukumbi wala kiingilio. Fanyeni kijiweni, watatu au wanne.

Zoezi la kwanza, neno la mwisho. Mmoja aseme sentensi. Anayefuata aanze sentensi yake na neno lile lile alilomalizia mwenzie. Mkimaliza raundi mbili utagundua kwamba maisha yako yote ulikuwa unasikiliza nusu sentensi, nusu nyingine unapanga utakachojibu.

Zoezi la pili, kioo. Wawili msimame mkitazamana, mmoja anasogeza mikono polepole, mwenzie anamfuata kama kioo. Kisha mbadilishane. Hili ni katika michezo ya mama Spolin mwenyewe. Mtacheka mwanzoni, baadaye mtanyamaza, na hapo ndipo mtakuwa mmeanza kuonana.

Zoezi la tatu, pangeni safari ya kwenda ufukweni. Mara ya kwanza kila mtu aanze na "Hapana, lakini". Mtaona hamfiki hata kituo cha basi. Mara ya pili kila mtu aanze na "Ndiyo, halafu". Mtafika, na mbuzi mtakuwa mmeshamchoma. Halafu jiulizeni: ofisini kwenu mnaongea lugha ipi kati ya hizo mbili?

Msomaji wangu, mimi sijasoma chuo, elimu yangu ni ya sekondari, lakini ninakaa na vijana wengi wa mikataba mifupi mifupi. Wengi wanaorudishwa nyumbani wanaijua kazi vizuri. Wanachoogopa ni kuchekwa. Mtu anakaa na wazo zuri miezi mitatu mdomoni, mkataba unaisha, anarudi nalo kwao. Yule mtoto wa mhamiaji kule Chicago naye alikuwa hivyo hivyo, ana la kusema ila anaogopa lugha, anaogopa wenzie. Spolin alimpa mchezo kabla ya kumpa jukwaa. Wewe pia anza kijiweni, ambako ukichekwa unacheka nao, ili siku bosi anapogeuka na kusema "Haya, kijana mpya," ulimi uwe umeshazoea njia.

Haya, nimemaliza. Wenye "Hapana, lakini" wanune, wenye "Ndiyo, halafu" tuendelee. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, hapa hapa, kona yetu ile ile. Baibai!